Alama za Meno

Sajini Syokau alivaa glavu, akalitoa gitaa kwenye mfuko wa nailoni na kulilaza juu ya meza ya chumba cha vielelezo, kituo cha polisi cha Mwingi. Lilikuwa gitaa la umeme, jekundu, rangi imechubuka pale mkono wa kulia unapopita. Yeyote aliyewahi kuifuata bendi ya Vumbi Jekundu angelitambua kwa mbali, na ndivyo lilivyotambuliwa. Mteja mmoja alilikuta likining'inia katika duka la Abubakar hapo mjini, akalipiga picha, akaiweka mtandaoni na kuuliza mwenyewe yuko wapi.

Mwenyewe alikuwa Nzilani wa Kasikeu, na hakuwa ameonekana tangu mvua za Novemba. Aliondoka nyumbani kwa mama yake asubuhi, akasema anafika sokoni Mukuyuni, asirudi. Simu yake ilizimika siku hiyo hiyo. Mama, Kaveke, alipiga ripoti Makueni, na faili likamwangukia Syokau. Alikuwa amezunguka hospitali, vyumba vya maiti na kingo za mito, akarudi na viatu vyenye vumbi tu. Sasa gitaa lilikuwa limemleta hadi Kitui ya kaskazini, mbali na watu wake, ambako alilala katika chumba cha kupanga juu ya duka la vipuri na kula chakula cha jioni akitazamana na ukuta.

Koplo Musyimi wa Mwingi alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha. Abubakar alishasema kwamba gitaa lililetwa na Jamal, aliyekuwa akipiga drams katika bendi hiyo hiyo, na Jamal alikuwa ndani ya seli tangu alfajiri.

"Kesho tunampeleka kortini ama tunamwachilia," Musyimi alisema. "Mimi naona tumpeleke. Video ya ugomvi wao kwenye steji tunayo."

Syokau aliijua video hiyo. Kwa wiki nyingi alikuwa akizitazama za Nzilani kwenye simu, hata sasa aliijua safari ya msichana huyo kuliko alivyojua habari za ndugu zake mwenyewe. Nzilani alijifunza gitaa kanisani Kasikeu, akiwa wa kwaya ya vijana. Akaenda Nairobi kusomea uhasibu, akaacha, akakutana na Jamal na wenzao wawili, wakaanza kupiga roki ambayo haikufanana na roki ya mtu yeyote. Aliimba Kikamba na Kiingereza humo humo, polepole kama anayesimulia, kisha gitaa linavunjika kwa kelele na sauti yake inapanda juu ya kelele ile. Redio zilikataa kucheza nyimbo zao. Wakapiga katika kumbi ndogo ambako wasikilizaji walikuwa wachache kuliko viti. Albamu ya kwanza waliirekodi ndani ya gereji. Ya pili ikawafikisha Johannesburg, kisha Berlin, na kwa muda fulani vijana wa Nairobi walitembea na fulana zenye uso wake.

Albamu ya tatu ilikuwa kelele tupu. Waliompenda walisema amekomaa, wengine wakasema anapiga mayowe. Katika video za kipindi hicho Syokau aliona jinsi Nzilani alivyokuwa akisogea nyuma kwenye steji, onyesho hadi onyesho, mpaka mwishowe akawa anaimba mgongo wake ukigusa spika.

Kisha ile video ya mwisho. Bendi imenyamaza, Nzilani bado anapiga na kuimba peke yake, macho amefumba. Watu wanashangilia. Jamal anatoka nyuma ya drams, anamshika bega. Nzilani anashtuka, anamsukuma mkono, anatazama huku na huku, anaweka gitaa chini na kushuka steji. Hakupanda tena. Mashabiki walisema waligombana. Bendi ikafa, Jamal akarudi kwao Mwingi kufanya biashara ya mbuzi, Nzilani akarudi Kasikeu kwa mama yake.

Mahojiano ya asubuhi hayakuwa yamezaa kitu. Jamal, mwembamba, mrefu, kofia yake ameishika magotini, alijibu kila swali kwa adabu. Ndiyo, gitaa alilipeleka yeye kwa Abubakar. La, hakuliiba. Aliomba maji, akaomba ajulishwe wakati wa swala. Lakini kila alipoulizwa Nzilani yuko wapi, alitazama mikono yake na kunyamaza, na hakunyamaza kama mtu anayetafuta uongo.

"Ulimshika bega mbele ya watu," Syokau alimwambia. "Kwa nini?"

"Wimbo ulikuwa umekwisha, afande."

Musyimi alicheka. Syokau hakucheka, ila wakati ule hakujua afanye nini na jibu lile, akaliacha.

Adhuhuri walienda dukani kwa Abubakar, mzee mnene aliyeuza vifaa vya umeme vya mitumba kando ya barabara ya Garissa, malori yakitikisa rafu zake. Abubakar alikuwa na wasiwasi wa mtu asiyetaka jina lake liingie polisi, kwa hiyo aliongea sana. Alieleza kwamba Jamal hakutaka kuliuza gitaa. Alitaka kubadilishana. Alichukua paneli ya sola, betri na taa mbili, akavipakia kwenye lori lake la mbuzi na kuondoka.

"Nikamuuliza, Jamal, kwenu stima ipo, sola ya nini? Akaniambia, mzee Abu, wewe nifungie waya vizuri."

Syokau alimshukuru, akamwomba Musyimi ampitishe nyumbani kwa kina Jamal. Bi Mishi, mama yake Jamal, aliwafungulia bila neno, akawaacha wapekue huku yeye amesimama uani na ushungi ameuuma kwa meno. Nyumba ilikuwa na stima kila chumba. Juu ya paa hapakuwa na paneli. Stoo haikuwa na betri. Syokau alimuuliza mwanawe huwalaza wapi mbuzi anaponunua huko kaskazini. Bi Mishi akasema kuna boma la marehemu mama yake, ng'ambo ya Nguni, siku hizi halina mtu. Alilisema hilo haraka, kisha akauliza kama Jamal amekula.

Garini Musyimi alikuwa na jibu tayari. Boma halina mtu, mahali pazuri pa kumficha marehemu.

"Marehemu hahitaji taa," Syokau alisema.

Alimpigia Kaveke simu akiwa bado garini. Alitaka kujua majuma ya mwisho ya Nzilani nyumbani yalikuwaje, na safari hii hakumkatiza. Kaveke alisema binti yake alirudi kutoka Nairobi na kiburi. "Namwita, ananipa mgongo. Namwambia chakula kiko tayari, anaketi tu kama hajaambiwa. Mimi mama yake." Kanisani aliimba ovyo hadi watu wakageuka kumtazama. Wazee wa kanisa walimwombea mara mbili, Kaveke akiamini ni madawa ya mjini. Usiku alikuwa akijifungia chumbani na gitaa bila kuliunganisha na spika, na hakuna sauti ya maana iliyotoka mle.

"Lilikuwa halisikiki," Kaveke alisema. "Sijui alikuwa analifanya nini."

Ndipo Syokau alipotaka kuliona gitaa upya.

Kituoni alilichunguza kwa tochi, mbele, nyuma, shingoni, kwenye nyuzi zilizoota kutu. Alipoligeuza kiwiliwili upande wa juu, ule unaokaa karibu na kifua cha mpigaji, aliona vishimo. Vilikuwa vingi, vimejipanga kwa pinde mbili, mmoja mbele na mwingine nyuma ya ukingo. Vingine vilikuwa hafifu na vimeingia uchafu wa zamani. Vingine vilikuwa vipya, vyenye kina, vimepasua rangi hadi kwenye mbao.

"Panya," Musyimi alisema. "Duka la Abubakar limejaa panya."

"Panya hatafuni sehemu moja tu na kuacha nyingine zote."

Syokau alivuta kiti, akaketi, akalipakata gitaa kama alivyomwona Nzilani akilipakata katika video nyingi. Akainamisha kichwa polepole. Mdomo wake ukafika pale pale penye vishimo, bila kujilazimisha. Alishavipiga picha vishimo vile na kuvipima, kwa hiyo aliuzungusha mfuko safi wa nailoni juu ya ukingo, kando kidogo ya alama, akauma.

Kwa ishara ya mkono alimwita Musyimi. Akajiziba masikio kwa vidole, akamwelekeza kwa macho apige uzi.

Musyimi alisita, akijiona mjinga, kisha akaugusa ule mnene. Chumbani ulitoa mlio mwembamba, wa kitu kisicho na umeme. Ndani ya kichwa cha Syokau ulivuma. Ulipita kwenye meno, ukaingia taya, ukajaa fuvu lote hadi akahisi macho yakitetemeka. Alimwonyesha apige tena, na tena, mwingine na mwingine. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na alisikia kila uzi.

Aliachia ukingo, akafuta midomo.

"Alikuwa haoni njia nyingine ya kusikia," alisema. "Tazama alama za zamani, anashika kidogo tu. Hizi mpya anauma kwa nguvu zake zote."

Musyimi aliinama, akazitazama. Hakutaja panya tena.

"Na baadaye?" aliuliza.

"Baadaye hata meno hayakutosha. Mtu akifika hapo, gitaa la nini kwake? Heri taa, macho ndiyo yaliyombakia."

Walimkuta Jamal amemaliza swala ya alasiri, ameketi ukutani. Syokau hakumpeleka chumba cha mahojiano. Alivuta ndoo, akaketi mbele yake mle mle selini na kumweleza kila kitu kwa utaratibu: kuhusu spika zilizokuwa mgongoni mwa Nzilani, kuhusu mama aliyeita bila kuitikiwa, kuhusu mbao zenye meno. Alimwambia kwamba siku ile kwenye steji bendi ilifika mwisho wa wimbo na Nzilani hakujua, kwa sababu alikuwa hawasikii wenzake tena. Jamal alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Nilijaribu kumwashiria kwa mkono," alisema. "Alikuwa amefumba macho. Nikaona watu wanaanza kucheka. Nikamshika."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Aliniapisha. Alisema afadhali wadhani amekufa."

"Wewe ungefungwa kwa kifo hicho, Jamal."

"Nilijua mtachoka kabla yangu," alijibu, bila majigambo. Kisha akanyanyua macho. "Mkienda bila mimi mtamtisha. Msimtokee nyuma."

Waliondoka watatu, Musyimi akiendesha. Baada ya Nguni waliacha lami na kushika njia ya mbuzi iliyopita katikati ya vichaka vya miiba, ardhi nyekundu na tupu pande zote, hata nguzo za stima zikaisha. Walitembea na gari kwa muda mrefu bila kuona nyumba. Jamal alikuwa kiti cha nyuma, pingu zimefunguliwa, akielekeza kwa kidole.

Boma lilikuwa na nyumba moja ya bati, tangi la maji na zizi la mbuzi. Paneli ya Abubakar ilikuwa juu ya paa, imefungwa waya vizuri. Mwanamke aliyenyoa nywele alikuwa amechuchumaa akisugua sufuria kwa mchanga, ubavu wake umeelekea njia, na injini ya gari ilipozimika hatua chache kutoka kwake hakugeuka. Jamal alishuka peke yake. Alizunguka kwa mbali hadi akasimama upande wa mbele, akangoja. Nzilani aliinua uso, akamwona, akatabasamu. Kisha akaona gari, na wale wawili, na tabasamu likaondoka.

Syokau alimsogelea mikono ikionekana, akajitambulisha kwa Kikamba. Alikuwa ameamua hivyo njiani. Msichana huyu alikulia kwenye midomo ya Kikamba, na kama kuna lugha ambayo angeweza kuisoma usoni kwa mtu ilikuwa ni hiyo. Alisema taratibu, wala hakupaza sauti, na Nzilani alimkazia macho mdomoni kama anayetazama moto.

Sauti iliyojibu ilimshangaza. Syokau alikuwa ameizoea ile iliyopanda juu ya magitaa. Hii ilikuwa ya chini mno, ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Aliuliza aliyopaswa kuuliza. Nzilani alikuja kwa hiari yake. Hakuna aliyemzuia kuondoka. Gitaa alimpa Jamal kwa mkono wake mwenyewe na taa aliziomba yeye. Alisema kuna kijifupa ndani ya sikio kilichokuwa kikiganda mwaka hadi mwaka, kwamba alifanyiwa upasuaji sikio moja Nairobi likafa kabisa, na la pili hakukubali liguswe hadi nalo likajifia polepole. Musyimi aliyarekodi maelezo yake kwa simu, akampiga picha, akarudi garini na kukaa na mlango wazi. Kisheria kazi ilikuwa imekwisha. Jamal alikuwa huru, Nzilani alikuwa mtu mzima aliye hai, na mtu mzima hakatazwi kuishi mahali anapotaka.

Syokau hakuondoka. Aliketi juu ya jiwe la kufulia.

"Kwa nini hapa?" aliuliza.

Nzilani alifikiri. "Nikiwa na watu wanaongea ndipo ninapokuwa peke yangu. Hapa haongei mtu, kwa hivyo sikosi kitu."

"Na mama?"

Nzilani alirudi kwenye sufuria yake, akaisugua mahali palipokuwa safi tayari. Ilibidi Syokau angoje mpaka ainue macho ndipo aulize tena. Safari hii alijibu. Tangu mwanzo Kaveke alikuwa akimwambia kwamba zile kelele zitampasua masikio, na kwamba sauti aliyopewa ya kumwimbia Mungu ameipeleka kusikofaa. Daktari alisema kelele hazikuhusika. Ni ugonjwa wa ukoo, na angekaa kwaya maisha yake yote ungempata tu. Lakini nani angeamini? Alijaribu kumwambia, siku nyingi, akashindwa. Alimwona mama akikasirika, mdomo ukienda mbio, na hakulipata neno hata moja, na kila siku aliyokawia kusema ilikuwa ngumu kuliko ile ya jana.

"Angesema aliniambia," Nzilani alisema. "Na mimi nisingesikia akisema."

Mbuzi waligongana zizini. Syokau alijua hakuwa na amri ya kumlazimisha. Alikuwa na jambo moja tu la kumpa, na hakuwa na hakika kama ni haki kumpa.

"Mama yako huja Makueni kila baada ya kanisa," alisema. "Anaketi kwenye benchi la nje mpaka nitoke. Haulizi kama tumekupata. Anauliza kama kuna maiti mpya."

Nzilani alimwomba arudie. Syokau akarudia, kila neno peke yake, na ilikuwa vigumu zaidi mara ya pili. Nzilani aliweka sufuria chini, akaingia nyumbani na kufunga mlango. Jamal alichukua sufuria, akaisuuza, akaifunika juu ya mawe. Jua lilikuwa likishuka na upepo umeanza kubeba mchanga.

Nzilani alipotoka alikuwa amenawa uso.

"Mwambie niko," alisema. Akatembea hadi tangini, akasimama, akarudi. "Mahali pia. Lakini yeye peke yake, asije na wazee wa kanisa."

Jamal alibaki. Alisema atawatoa mbuzi kesho na lori litampitia. Musyimi alimpa mkono kupitia dirishani, akaushika muda mrefu kidogo kuliko kawaida, na hiyo ndiyo radhi pekee aliyoweza kuomba.

Mtandao ulirudi walipofika lami. Syokau alimwambia Musyimi asimamishe gari, akashuka, akatembea kidogo kando ya barabara kabla ya kupiga. Kaveke alipokea mara moja, na hakusalimia. Syokau alianza na neno moja, kwamba yuko hai, kisha akamwacha mama apumue. Baadaye akamweleza mengine, yote, kuhusu masikio na kuhusu siku zile za kuitwa na kutoitika. Lori la ng'ombe lilipita likamfunika sauti, akalazimika kurudia sehemu ile kuanzia mwanzo. Kaveke hakulia wala hakuhoji. Syokau akatoa simu sikioni kuona kama imekatika.

"Sajini," Kaveke alisema. "Nikifika huko, nikibisha hodi, atajuaje ni mimi?"

"Usibishe, mama. Zunguka mbele, usimame mahali pa wazi, umngoje akuone."